Roswitha Naundorf na Mkono wa Karatasi ya Saba

Bi Roswitha Naundorf, mchapaji mkuu wa Karakana ya Chapa ya Plagwitz, anastaafu tarehe 31 Julai 2019 baada ya utumishi wa miaka arobaini na saba na miezi kumi na moja. Aliingia hapa kujifunza ufundi tarehe 1 Septemba 1971 akiwa na umri wa miaka kumi na saba, na tangu siku hiyo amechelewa kazini mara moja tu, siku tramu ilipogongana na lori la viazi. Kesho yake alikuja na kipande cha gazeti chenye picha ya lori lile, tusije tukamwona mwongo.

Mimi, Eckart Lohse, nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu nimefanya kazi naye miaka arobaini, meza yangu ikipakana na yake. Mkurugenzi wetu, Bi Svenja Althoff, aliniambia maneno mia nne yatatosha, yawe ya kuchangamsha, na nisichanganye siasa. Nikamwitikia. Hakujua kwamba anamwomba mtu asiyefaa kabisa. Kwa miaka ishirini na sita nimeamini kwamba Bi Naundorf ndiye aliyetuchongea mwaka 1986, na kwa miaka yote hiyo nimekunywa naye kahawa kila siku saa nne asubuhi nisimtamkie neno. Mgeni anayesoma haya huku akingoja sherehe ianze anaweza kuniita mnafiki.

Nianze na kazi yake, maana hiyo haijawahi kutiliwa shaka hata na mimi. Bi Naundorf anajua kama wino uko tayari kwa kuusikiliza tu. Anapitisha rola juu ya bamba, anainamisha sikio, na wino ukianza kulia kama mafuta yanayotaka kukaanga anasema, "Sasa." Akisema bado, ni bado, hata kama msanii amesimama nyuma yake na tiketi ya treni mkononi. Watu wenye majina makubwa wamepita hapa wakatoka na majina makubwa zaidi, na wengi wao hawajui kwamba nusu ya weusi unaowaletea sifa ni weusi wa Bi Naundorf. Ameharibu karatasi chache kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Ameniharibia asubuhi nyingi kwa swali lake lile lile: "Bwana Lohse, wino huo unachapa au unapaka nyumba?"

Ndiyo, Bwana Lohse. Kwetu huku mtu huitwa kwa jina la ukoo mpaka aliye mkubwa aseme kwamba sasa tuitane kwa majina yetu. Mkubwa ni yeye, kwa miaka mitatu, na hakuwahi kusema. Nami nilikuwa na maelezo yangu kuhusu jambo hilo: mtu mwenye la kuficha hakaribishi watu karibu.

Sasa nifike mwaka 1985, nikimwomba radhi Bi Althoff. Mwaka huo ofisi ya wilaya iliagiza picha kumi za kupamba ukumbi wake, chapa za mbao, zote kuhusu uasi wa wakulima wa mwaka 1525. Watawala wa wakati ule, wakomunisti wa upande wa Mashariki wa nchi yetu iliyogawanyika, waliwapenda sana wakulima hao. Walikuwa wamekwisha kufa na hawakuwa na malalamiko mapya. Kazi alipewa Bwana Volkmar Trebs, msanii mwenye ndevu nyingi na koti moja, ambaye hakuwa na desturi ya kuchora kwanza kwenye karatasi. Alichukua patasi akachonga moja kwa moja kwenye ubao. Alikuwa akisema, "Hasira haichorwi mara mbili."

Karatasi tisa zilikuwa na vile vilivyotarajiwa: miundu, majembe ya meno, ngumi juu, midomo wazi. Ya saba ilikuwa tofauti. Palikuwa na mama mzee peke yake, kichwa kimeinama kidogo, midomo imefungwa, na usoni hakuna hasira wala machozi. Kila kitu kilikuwa mkononi. Ameuinua mkono mmoja mbele yake, kiganja wazi, vidole vimeachana, kama mtu anayezuia mlango usifungwe au anayemwambia fulani basi, imetosha. Nimeona picha nyingi za watu wanaopiga kelele na nimezisahau. Mkono ule sijausahau.

Naomba ieleweke kwamba mkono ule ulichongwa na Bwana Trebs lakini ulifufuliwa na Bi Naundorf. Majaribio ya kwanza yalitoka mabaya, kiganja kikaonekana kama alama ya barabarani. Bwana Trebs alitaka kuutupa ubao. Bi Naundorf alikata kipande cha karatasi nyembamba, si kikubwa kuliko jani, akakiweka chini ya ubao pale penye kiganja ili pabonyee zaidi, akafuta wino kidogo kwa ncha ya kidole, akachapa tena. Mikunjo ya kiganja ikatokea. Bwana Trebs akaitazama karatasi, kisha akasema, "Mkono huu sasa umefua nguo." Nadhani ilikuwa sifa.

Mwezi Machi 1986 walikuja watu wawili wa utamaduni kutoka wilayani kukagua. Walioneshwa karatasi tu, mbao zilikuwa zimefunikwa kwa kitambaa. Waliupita uasi wote haraka, wakasimama kwenye karatasi ya saba.

"Huyu mama mbona hajakunja ngumi?" akauliza mmoja.

"Umri, mkuu," akasema Bi Naundorf. "Vidole havikunjiki."

"Na anamzuia nani?"

"Hapo chini imeandikwa 1525. Labda bwana mkubwa wa mwaka huo." Alifuta mikono yake kwenye aproni. "Au kuna mwingine unayemfikiria?"

Yule mtu hakuwa na mwingine anayemfikiria, au hakutaka kuonekana anaye. Waliondoka wakiwa wamekubali karatasi zote kumi, na siku hiyo tulikunywa kitu kikali kuliko kahawa.

Wiki mbili baadaye walikuja watu wengine, wa ile ofisi ya usalama ya siri ambayo hatukuwa tukiitaja jina. Hawa hawakuuliza maswali. Walijua tayari. Walichukua nakala zote za karatasi ya saba na wakaamuru ubao uchomwe mbele yao. Bi Naundorf ndiye aliyeutia motoni, ukiwa umezungushiwa gazeti, na mimi nilikuwepo nikauona moshi. Baada ya hapo alishushwa ghorofa ya chini ya ardhi kufunga vifurushi vya karatasi kwa miaka mitatu, na mtihani wake wa ufundi mkuu ukafutwa. Ombi langu la kusoma chuo cha sanaa lilirudishwa bila barua. Bwana Trebs alipewa hati ya kusafiria mwezi Juni, akaambiwa aende Magharibi asirudi, na huko alipokewa kama shujaa. Hata mama wa jikoni alipata hasara: ubao wake wa kukatia mkate ulipotea wiki hiyo hiyo, akatushuku sisi sote, mpaka Bi Naundorf akamletea mwingine bila kuombwa. Hilo la kuleta bila kuombwa nililiandika moyoni.

Mwaka 1993, majalada ya ofisi ile yalipokuwa yamefunguliwa kwa wananchi, nilikwenda kusoma langu. Majina yalikuwa yamefutwa kwa wino mweusi, mbaya, uliopakwa na mtu asiyejua kazi. Lakini habari yenyewe ilisomeka. Iliandikwa na mtu aliyejua karakana yetu vizuri, nayo ilikuwa na sentensi hii: "Mwanamke mzee katika picha ya saba ameinua mkono wa kushoto, kiganja wazi, naye anaiambia dola imetosha."

Mkono wa kushoto. Kwenye kila karatasi iliyotoka hapa mama yule ameinua mkono wa kulia. Wachapaji wenzangu wameshaelewa, na kwa wageni nitasema tu kwamba ubao na karatasi hutazamana kama mtu na kioo: kilicho kushoto kwenye ubao hutoka kulia kwenye karatasi. Basi aliyeandika vile hakuwa mtu wa utamaduni aliyeoneshwa karatasi. Alikuwa ameuona ubao wenyewe. Na waliouona ubao tulikuwa watatu: Bwana Trebs, aliyefukuzwa nchini kwa ajili yake, mimi, na Bi Naundorf. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilirudi kazini Jumatatu nikamkuta anachuja kahawa, ile kahawa yetu nyepesi ambayo unaona ndani yake ua lililochorwa kwenye kitako cha kikombe, akanimiminia. Nikasema asante. Nikaangalia chini.

Mtu anaweza kuuliza: je, hakushushwa chini ya ardhi miaka mitatu? Alishushwa. Nami nilijijibu kwamba ndivyo wanavyofanya, humwadhibu mtu wao ili asishukiwe. Shaka ikishapata kiti haikosi jibu.

Kwa hiyo nilimchunguza. Kila siku saa tisa alasiri Bi Naundorf huandika kitu katika daftari jeusi dogo na kulirudisha mfukoni. Mwaka 1996 alilisahau mezani. Nililifungua. Ndani mlikuwa na namba tu: 58, 61, 57, na pembeni maneno kama "inajikunja" na "leo imetulia". Nilinakili kurasa mbili, nikakaa Jumamosi na Jumapili nzima nikitafuta siri iliyofichwa humo. Ilikuwa unyevu wa chumba na hali ya karatasi. Niliambiwa hivyo na mke wangu, ambaye si mchapaji.

Mwaka 1999 nilimtegea mtego. Nilimwambia yeye peke yake kwamba nimenunua kishamba chenye kibanda nje ya mji, ili nione habari hiyo itafika wapi na nani atakuja kuniuliza. Nilingoja wiki tatu. Hakuja mtu. Alikuja yeye mwenyewe na miche kumi na miwili ya stroberi katika boksi la viatu, akaniambia niipande mahali penye jua. Sikuwa na shamba, na kuitupa sikuthubutu. Niliipanda kwenye ndoo roshani kwangu, ghorofa ya nne, na mpaka leo nyumba yetu inakula stroberi za shamba lisilokuwepo. Kila mwezi Machi huniletea mfuko wa mbolea.

Nilimwona anauma na kupuliza. Alipokuwa mkali nilisema hiyo ndiyo sura yake halisi, na alipokuwa mwema nilisema dhamiri inamsuta. Mwaka 1991 alifanya ule mtihani wake wa ufundi mkuu akawa wa kwanza, na nilipigiwa simu na watu wengi kumpongeza kupitia kwangu. Nilipokumbuka jambo hilo baadaye, hata wingi wa simu niliutilia shaka. Mke wangu alipolazwa mwaka 2008, Bi Naundorf alifanya kazi yangu na yake kwa wiki sita na hakumwambia mkurugenzi wa wakati ule. Nikajiuliza anataka nini. Ninaona aibu kuandika sentensi hiyo, lakini ndivyo nilivyojiuliza.

Sasa nifike kwenye keki.

Mwanzoni mwa mwezi huu nilikaa kuandika maneno yangu mia nne. Nilikuwa nimepanga niwe mpole, nisimtaje mtu, nimalize kwa maua. Nikaanza aya ya kuchekesha kuhusu sheria yetu ya keki, ambayo ni ya zamani kuliko sisi sote. Katika karakana hii hatusemi kushoto kwa ubao. Tunasema upande wa karatasi tu, hata kama karatasi haijakatwa. Ukiuona mkono upande wa kushoto wa ubao, unasema kulia. Anayekosea ananunua keki ya chenga kwa wote Ijumaa, ile yenye chembe za unga na siagi nyingi juu. Sheria hii inaingia mwilini. Baada ya mwaka mmoja ulimi unageuka wenyewe, na ndiyo maana mgeni hapaswi kumwuliza mtu wa Plagwitz njia ya kwenda stesheni. Niliandika kwamba kwa miaka arobaini na minane kasoro mwezi Bi Naundorf hajanunua keki hata mara moja. Nikaongeza kwamba mimi nimenunua mbili, zote mwaka 1979. Nikaongeza, ili watu wacheke, kwamba bingwa wa keki alikuwa Bwana Trebs, aliyetulisha Ijumaa saba mfululizo majira yale ya baridi, kwa sababu alitaja kila kitu kama kilivyokuwa mbele ya pua yake kwenye ubao, na akaiita sheria yetu ya kipumbavu.

Nikaweka kalamu chini. Niliisoma tena aya yangu ya kuchekesha, kisha nikatoa ile nakala ya jalada ambayo mwaka 1993 niliipigia mstari chini ya neno "kushoto".

Kuuona ubao hakutoshi. Mimi niliuona ubao, na kama mngeniamsha usingizini mngenisikia nikisema kulia. Bi Naundorf angesema kulia akiwa na homa. Aliyeandika "mkono wa kushoto" hakuwa na ulimi wa mchapaji. Nilikuwa na ushahidi huo mkononi kwa miaka ishirini na sita, nikausoma kinyume, mimi ambaye kazi yangu ni kusoma kinyume.

Kesho yake saa nne nilimkuta anasafisha rola.

"Bi Naundorf," nikasema, "kwa muda mrefu nimeamini kwamba mwaka themanini na sita ulituchongea wewe."

Aliendelea kusafisha mpaka mwisho wa rola. "Mimi?" akasema. "Mimi nilijua ni wewe."

"Mimi? Kwa lipi?"

"Ulikwenda kusoma majalada. Jumatatu ukarudi, na tangu siku hiyo unaongea na viatu vyangu. Nikasema haya, huyu amejikuta humo. Halafu ukanunua shamba. Nikajiuliza, na mshahara huu huu?"

"Sina shamba."

"Na stroberi?"

"Ziko roshani. Kwenye ndoo."

Alinitazama kama anavyotazama karatasi iliyojikunja. "Miaka ishirini nakubebea mbolea, Bwana Lohse."

Nilimwuliza kwa nini hakwenda kusoma jalada lake mwenyewe, angejua ukweli zamani. Alijibu bila kunitazama, na hili nimeruhusiwa kuliandika. "Niliogopa nitalikuta jina lako. Kisha ningefanya kazi na nani?"

Nililia kidogo, kwa kuwa nina miaka sitini na miwili na sioni sababu ya kuficha. Yeye alinipa kitambaa cha wino, kwa hiyo mliokutana nami siku hiyo mkaniuliza kuhusu jicho langu, jibu ndilo hilo.

Kisha nikamwonesha ile sentensi. Aliisoma mara moja. "Kushoto," akasema. "Ijumaa saba, na bado hajajifunza."

"Kwa hiyo ni yeye. Alijichongea mwenyewe ili wamfukuze."

"Kwa hiyo hatujui," akasema Bi Naundorf. "Mimi nilikuwa na hakika, na wewe ulikuwa na hakika. Tumeona hakika zetu zilivyo. Keki si ushahidi."

Hapo akaniambia nimsaidie kuinua rafu ya kukaushia. Rafu ile ina vibao kumi na viwili, na cha chini kabisa hakijatolewa kwa miaka mingi, kwa sababu Bi Naundorf husema kimekwama. Hakikuwa kimekwama. Alikivuta, akakigeuza, na uso uliokuwa umetazama sakafu ulikuwa na mkono. Ulikuwa ubao wa saba, wa mtufaha, mkavu na mweusi, una ufa mmoja mwembamba unaokatiza kifundo cha mkono.

"Lakini nilikuona ukiuchoma," nikasema. "Niliuona moshi."

"Uliona gazeti likiungua. Ndani mlikuwa na ubao wa mkate wa jikoni."

Miaka thelathini na mitatu ubao huo ulilala hatua mbili kutoka kwenye kiti changu. Nilimwuliza kwa nini hakuutoa baada ya mambo kubadilika. Mwanzoni, alisema, hakujua adui ni nani. Kisha akadhani anajua, na adui mwenyewe alikuwa anakaa karibu na rafu. Mwanamke huyu aliyaokoa mafanikio makubwa kuliko yote ya karakana hii, akayafanya rafu ya kukaushia, akalinda usiri wake dhidi yangu. Nami nilimlinda yeye asijue kwamba namshuku. Kazi tulifanya vizuri ajabu.

Picha iliyo mbele ya programu hii ya sherehe tumeichapa kutoka kwenye ubao huo Ijumaa iliyopita, sisi wawili, nakala mia moja na ishirini. Bi Naundorf alikata tena kipande cha karatasi nyembamba akakiweka chini ya kiganja, na kidole chake kilikumbuka mahali. Ule ufa umetoka kama mstari mweupe kwenye kifundo cha mama yule. Nilipendekeza tuuzibe. Alikataa, akasema na yeye kifundo kinamuuma. Maneno haya nayo tumeyachapa wenyewe, mchana ambao Bi Althoff alikuwa Berlin. Yamezidi mia nne. Tunamwomba msamaha, na tunamkumbusha kwamba mashine ni yetu.

Bwana Trebs, ambaye sasa ana miaka sabini na minane, amekubali kwa ukarimu kuja kumkabidhi Bi Naundorf maua na kusema machache. Kiti chake kiko safu ya mbele, na atakuwa na programu hii mkononi kama kila mtu. Huenda ana jibu jema ambalo sisi hatujalifikiria. Huenda aliyeandika ni mtu wa nne aliyefunua kitambaa siku ambayo hatukuwepo. Sisi hatumtuhumu mtu, tumeshatuhumiana vya kutosha. Ubao uko mezani karibu na mlango, uso juu, na kila mgeni anaombwa autazame anapopita. Bi Naundorf amesimama hapo tangu saa nane, na anawauliza wote swali moja tu: mama huyu ameinua mkono gani?

Kwa niaba ya wote wa Karakana ya Chapa ya Plagwitz, ninamshukuru kwa miaka arobaini na saba na miezi kumi na moja ya weusi safi, kwa wiki zile sita za mwaka 2008, kwa mbolea, na kwa kuchoma ubao wa mkate. Anahamia kwa dada yake karibu na ziwa, mahali penye jua. Miche kumi na miwili ya stroberi iko kwenye boksi la viatu chini ya kiti chake.

Ijumaa ile ile ya kuchapa, tulipokuwa tunaning'iniza nakala ya mwisho, alisema bila kugeuka, "Eckart, shika ncha hiyo." Nikaishika. Katika miaka yetu arobaini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo.

Upumzike vizuri, Roswitha, na kila asubuhi yako huko iwe ya utulivu. Keki ya chenga iliyo mezani ni yangu. Sheria ni sheria, na aliyekosea upande ni mimi.